DC-3 ya Likasi, na panga nililolizungusha kinyume

Wakuu, habari za humu ndani.

Jana nimepitia ule uzi wenu wa ndege zenye sura nzuri kuliko zote. Nimeusoma mpaka ukurasa wa mwisho. Mmeweka Concorde, mmeweka 747, wengine mmeleta za kivita. Kisha kama watatu hivi mkaweka DC-3, na mmoja wenu akaandika kwamba huyo bibi ana mvuto hadi leo, angekuwa binadamu angempeleka kwao akatambulishwe.

Nilicheka. Halafu nikazima simu.

DC-3 mimi naijua kwa mikono yangu. Nimeipaka grisi, nimeiosha, nimekaa chini ya bawa lake mchana wa jua kali nikila muhogo. Na ndiyo ndege niliyoiua mimi mwenyewe.

Sitatia chumvi. Haya ninayoandika nimewahi kuyasema siku moja tu maishani mwangu, mbele ya watu wawili. Hata mke wangu hayajui. Kama mnataka uzi wa kusherehekea ndege, huu sio. Ila ukiipenda ndege, nadhani utanielewa.

Kwanza mjue naongea kutoka wapi. Nimezaliwa Likasi, Katanga, kule Congo, wakati huo ikiitwa Zaire. Hiki Kiswahili cha kunyooka nimekiokota Tunduma na Dar nikitengeneza malori. Kikiteleza mnivumilie. Maneno ya watu wa kwetu nitayaacha kama walivyoyatamka, mtayapata tu.

Likasi ilikuwa mji wa kampuni. Kampuni ya mgodi ilitupa mshahara, unga, shule, hospitali, hadi uwanja wa mpira. Mimi nilikuwa fundi wa kuchonga vyuma kwenye karakana, nina miaka ishirini na tano, sijaoa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yakaanza kufa moja moja. Mashine ikiharibika haitengenezwi. Mshahara unachelewa, halafu hauji kabisa. Mnafika kazini mnakaa, mnaangaliana, mnarudi nyumbani.

Barabara nazo zilikuwa zimekwisha. Sasa hapa wapenda ndege mtanielewa: nchi ikikosa barabara, ndege ndiyo inakuwa lori. Ndege zilizostaafu kwa wenzetu zilikuja kumalizia uhai wao kwetu. DC-4, Viscount, Caravelle, tulikuwa nazo hewani zinabeba nyama, mahindi, magodoro na watu. Kuna wazungu walikuwa wanapanda ndege kutoka kwao kuja kuzipiga picha tu. Sisi tulikuwa tunaziangalia bure.

Chumba nilichopanga kilikuwa Kikula, kata yenye watu wengi na soko kubwa. Jirani yangu ukuta kwa ukuta alikuwa Papa Kabeya; papa kwetu ni baba.

Papa Kabeya alikuwa fundi wa ndege. Mfupi, kimya, mikono anaisugua kwa majivu na sabuni mpaka inawaka, lakini kwenye kucha mafuta hayakutoka kamwe. Kazi aliianza tangu enzi za Wabelgiji, akifagia karakana, mpaka akawa mtu wa kusaini ndege iruke au isiruke. Wazazi wake walitoka jimbo la Kasai kuja kujenga reli, yeye mwenyewe kazaliwa Likasi kama mimi.

Mke wake tulimwita Mama Kapinga, kwa jina la binti yao wa pekee. Kapinga alikuwa sekondari, kichwa chepesi kweli, anamwabudu baba yake. Mama Kapinga alikuwa na pumu. Kwenye msimu wa vumbi unamsikia kupitia ukutani akivuta pumzi, na mzee akimsomea zaburi taratibu mpaka imwachie.

Kitu kilichonivuta kwa yule mzee ni masikio yake. Tunakula uani, ndege inapita juu ya mawingu, haionekani. Yeye anasimamisha tonge la ugali.

"DC-4 hiyo," anasema. "Injini ya tatu iko na kikohozi."

Mke wake anamjibu, "Kula kwanza, bukari inapoa. Ndege haikuite weye."

Mimi nilianza kumfuata uwanjani kwa kupenda tu. Uwanja wa ndege wa Likasi ni mdogo, uko nje ya mji, majani pande zote. Pale ilikuwa imeegeshwa DC-3 moja ya rubani mmoja binafsi wa Lubumbashi, tuliyemwita Komanda. Tairi lilikuwa limepasuka, mafuta hayapatikani, biashara imelala. Ikakaa miezi.

Wakuu, mmeiona kwenye picha tu. Niwaambie ukiikaribia inakuwaje.

Inakaa mkia chini, pua juu, kama mtu aliyeinua kidevu kusubiri jibu lako. Mwili wake wa bati tupu, bila rangi, misumari ya ribiti imepangwa mistari kwa maelfu, na ukiigusa saa nne asubuhi ina joto. Mabawa yanarudi nyuma kidogo, taratibu, hakuna kona iliyokatwa kwa haraka. Ilichorwa kabla ya vita kuu ya pili, ikabeba askari vitani, vita vikaisha, waliokuwa vijana wakazeeka wakafa, yenyewe bado inabeba mahindi Zaire. Mimi niliyekuwa naona kila kitu kinakufa mjini kwangu, nilikuwa naenda kuiangalia ili nipate moyo. Niliipenda. Sioni neno lingine.

Sasa kuna somo la injini, sitalirefusha.

Injini za DC-3 ni za duara. Silinda zimezunguka kama petali za ua, maana yake nyingine zinaangalia chini. Injini ikikaa bila kuwashwa, oili inashuka polepole na kujikusanya kwenye zile silinda za chini. Oili haibonyei. Ukiwasha injini hali oili imejaa mle, pistoni inakuja kwa nguvu, inagonga ukuta wa oili, na chuma kinachoishika pistoni kinapinda au kinavunjika. Wenyewe wanaita hydraulic lock.

Dawa yake ni ya mikono. Kila wiki unakwenda, unashika panga la injini, yaani jani la propela, unalisukuma kwa mwendo wake wa kawaida, linakuja panga la pili, unasukuma, unahesabu. Papa Kabeya alikuwa anahesabu kwa sauti, mapanga kumi na tano kila injini, kofia ameivua. Hakuwa anaongea na mtu mpaka amalize.

Na alinifundisha sheria moja. Aliirudia mpaka nikawa namaliza sentensi zake.

"Mwape, kama panga inasimama, usifanye nguvu. Na usirudishe nyuma. Unasikia? Ukirudisha nyuma, itafunguka, utafurahi. Lakini oili haikutoka. Imeingia mu mabomba ya hewa, inakungojea. Siku ya kuwasha, inarudi yote."

"Basi nafanya nini, Papa?"

"Unafungua ba bougies ya chini. Unaacha oili itoke. Njo unaanza upya."

Bougies ni zile plagi. Kuzifungua zote za chini ni kazi ya saa nzima na zaidi, lazima utoe kifuniko cha injini, uchafuke mpaka kiwiko.

Hiyo ndiyo sheria. Ishikeni.

Halafu yakaja yale ambayo wazee wa kwetu hawapendi kuyaongelea.

Wanasiasa walianza kusema kwamba watu wa asili ya Kasai si wa Katanga, warudi kwao. Kazi zimekwisha kwa sababu yao, unga umekwisha kwa sababu yao. Vijana niliocheza nao mpira wakaanza kupita na marungu. Nyumba zikachomwa. Watu waliozaliwa Likasi, ambao hiyo Kasai hawajawahi kuiona, wakafungasha wakakimbilia stesheni ya treni. Walikuwa maelfu. Wakalala pale kwenye sakafu, kwenye reli, chini ya maturubai, mvua inanyesha, wanasubiri treni isiyojulikana itakuja lini.

Baba yangu ni Mubemba wa upande wa Kasenga. Mimi nilikuwa mwenyeji. Hakuna aliyenigusa. Nimewahi kupita katikati ya kundi lenye mapanga nikiwa na mfuko wa mboga, wakanisalimia.

Papa Kabeya na familia yake walikimbilia parokiani, wakapewa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Nyumba yao iliingiwa siku ileile. Waporaji waliubeba hadi mlango.

Treni za mwanzo mwanzo zilipata nafasi. Majirani wengine wakapanda. Mama Kapinga akataka waende, nakumbuka, alisema twende tungali na nguvu. Mzee akakataa. Akasema kwa kifua kile, mabehewa yale ya mizigo, siku nyingi vile, vumbi na moshi na watu wamejazana, hatafika. Alikuwa ameshatuma ujumbe kwa Komanda Lubumbashi. Komanda alijibu: anataka kuiondoa ndege yake kabla askari hawajaichambua, anatafuta tairi na mafuta, ataipeleka Mbuji-Mayi, huko Kasai, na fundi wake atapanda na mke na mtoto.

Masaa mawili na kitu hewani badala ya siku zisizohesabika relini.

Kwa hiyo wakabaki kusubiri. Uamuzi ulikuwa wa mzee peke yake, na binti alimuunga mkono baba yake dhidi ya mama. Hilo mlikumbuke kwa ajili ya Kapinga.

Mzee hakuweza tena kwenda uwanjani. Njiani wangemuua. Akaniita parokiani, akanipa mfuko wake wa spana, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwape, sasa ni weye. Kila wiki. Kumi na tano, kumi na tano. Maisha ya Mama Kapinga iko mu mikono yako."

Nikasema, "Papa, hesabu imeisha." Kwetu maana yake usihangaike tena.

Wiki tatu za kwanza nilikwenda. Nilihesabu kwa sauti kama yeye, kofia nimevua.

Halafu njaa ikanipata vizuri. Mshahara hakuna, unga hakuna. Rafiki akaniambia kwenye machimbo ya Kakontwe wanachukua vibarua wa kuvunja mawe ya chokaa, jioni unapewa chakula na kitu kidogo cha kubeba. Nikaenda. Natoka asubuhi, narudi mikono imechubuka, mgongo haunyooki. Wiki moja ikapita sijaenda uwanjani. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Ikapita na hiyo.

Kila Jumapili nilimkuta mzee kanisani. Ananiuliza kwa macho tu. Mimi natikisa kichwa kwamba tayari.

Sio kwamba niliwachukia, wakuu. Nilikuwa na njaa, nimechoka, na nilidhani wiki mbili si kitu. Mtu anayependa ndege hivyo, na bado nilidhani wiki mbili si kitu.

Komanda akafika asubuhi moja bila taarifa ndefu, na lori dogo lenye mapipa ya mafuta, tairi, na rubani msaidizi. Alimtuma mtu parokiani, na mwingine akanikuta mimi natoka kwenda Kakontwe. Nikabadilisha njia nikakimbia uwanjani.

Tulifunga tairi. Tukajaza mafuta kwa pampu ya mkono. Komanda alikuwa mtu mrefu, miwani ya jua, anaongea na askari wa pale huku anacheka, lakini jasho linamtoka. Askari walishaanza kuizunguka ndege wakiiangalia kwa jicho la kununua. Alinigeukia akasema, "Weye njo mécanicien mupya? Fanya mbio. Zungusha mapanga, tunaenda."

Fundi mpya. Mwenye ndege ameniita fundi. Kifua changu kilijaa, nawaambia ukweli. Nikaona hata nafasi ya kazi pale, mimi Mwape ndani ya DC-3, natoka kwenye mawe ya chokaa moja kwa moja.

Injini ya kushoto nikaihesabu, kumi na tano, laini.

Injini ya kulia, panga la kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano likasimama.

Lilisimama kama limefika ukutani. Nikasukuma kidogo, hapana. Nilijua palepale ni nini. Nilijua pia kwamba nikifungua plagi, oili itamwagika nyingi, Komanda ataona, Papa Kabeya akifika ataona, na kila mmoja atajua kwamba sikuja wiki mbili. Na mfuko wenye spana za plagi ulikuwa Kikula chumbani kwangu, maana nilitoka kwenda kuvunja mawe. Kwenda na kurudi, kisha kufungua, ni nusu siku.

Nikaangalia nyuma. Komanda alikuwa anaongea na askari. Hakuna aliyeniangalia.

Nikalishika panga nikalirudisha nyuma.

Likafunguka kwa urahisi kabisa. Nikalizungusha mbele tena, likapita. Nikamalizia hesabu mpaka kumi na tano, kwa sauti, wasikie.

Dakika chache baadaye pikapu ya parokia ikafika. Padri anaendesha, nyuma turubai, chini ya turubai familia. Mama Kapinga alishuka akiwa amefunga kitambaa puani, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Kapinga alikuwa anacheka. Alishika bawa kwa mkono akaniambia, "Ya Mwape, leo nitakuona mudogo kutoka kule juu." Ya kwetu ni kaka.

Papa Kabeya hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini ya kulia, akaweka kiganja chake juu ya kifuniko.

"Ulizungusha?"

"Nilizungusha, Papa."

"Haikusimama?"

"Haikusimama."

"Ata kiloko?" Yaani hata kidogo.

"Ata kiloko, Papa. Inazunguka muzuri."

Alibaki na kiganja pale. Akamwambia Komanda angependa kufungua plagi za chini aone mwenyewe, ni desturi yake ndege ikikaa muda. Komanda akamwambia, "Mazee, baaskari babadilisha mawazo saa yoyote. Mutoto wako amesema iko muzuri." Mzee akanitazama tena. Kisha akakubali. Alikubali kwa sababu ni mimi niliyesema.

Wakapanda. Injini ya kushoto ikakohoa, moshi wa bluu, ikashika. Nyinyi mnaopenda ule mlio, ni kweli, unakuingia kifuani. Mama Kapinga nilimwona dirishani, anafunga macho kama anasali.

Injini ya kulia ikazunguka. Ikashika, sekunde mbili, tatu. Halafu ukatoka mlio mmoja mkavu, wa chuma kuvunjika, na ndege nzima ikatikisika. Oili ikaanza kuchuruzika kutoka chini ya kifuniko ikianguka kwenye majani.

Komanda akazima zote mbili.

Mzee alishuka wa kwanza. Akaingiza mkono chini ya injini, akautoa na oili, akaifinya kati ya vidole, kulikuwa na vipande vya chuma. Hakunitazama. Alikaa chini kwenye majani, mtu mzima na suti yake ya safari, akasema kosa ni lake, kwa sauti ambayo wote tuliisikia:

"Ni minye. Nilikuwa nafaa kufungua. Mazee muzima, naacha kufungua."

Komanda akamtukana. Kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, mbele ya mke wake na binti yake, akamwita mzembe, akamwambia ameua ndege.

Nami nilisimama pale. Nina mdomo, sikuutumia.

Kuna mtu ataniuliza, kwa nini hukusema hata kesho yake? Nimejiuliza sana. Jibu nililojipa miaka mingi ni hili: mimi ni Mubemba, mwenyeji, wao ni wa Kasai, wakati ule. Nani angeamini kwamba ni uzembe na aibu tu? Wangesema nimefanya makusudi. Wangesema nilikuwa nao wale wenye marungu. Niliogopa hilo kuliko kitu chochote. Lakini si jibu la kweli lote. Jibu lingine ni kwamba mzee alishaubeba mzigo, na mimi nikamwachia.

Walipelekwa stesheni siku hiyohiyo, maana parokiani chumba kilishapewa familia nyingine. Walikaa stesheni wiki nyingi, mvua juu yao. Niliwapelekea unga mara mbili. Mara ya pili Mama Kapinga hakuweza kuongea, alinipungia mkono tu. Kapinga alikuwa amekaa upande wa pili wa mabegi, mgongo kwa baba yake.

Treni yao ikaja. Nilisikia habari baadaye kutoka kwa msaidizi wa treni aliyerudi. Mama Kapinga alifia njiani, kabla ya Kamina. Treni ilisimama mahali pasipo na stesheni, wanaume wakachimba kando ya reli, ikaendelea.

Ile DC-3 askari waliichambua mpaka ikabaki mbavu. Bati lake lilipelekwa kwa wayeyushaji, likawa masufuria, yakauzwa soko la Kikula. Nimewahi kula kwenye nyumba moja, nikaambiwa kwa kujisifu kwamba sufuria hii ni ya ndege. Nilisema naumwa tumbo nikaondoka.

Nilihama Likasi baada ya hapo. Lubumbashi, Kasumbalesa, Tunduma, hadi Dar. Malori. Injini za malori zimenyooka, haziniulizi kitu.

Miaka kumi na ushee ikapita. Siku moja lori la mteja likaharibikia mbali kabisa, Mwene-Ditu, ndani ya Kasai yenyewe, nikatumwa na vipuri. Kazi ilipoisha nikauliza kama kuna watu waliotoka Likasi. Nikaelekezwa mtaa mzima. Nikauliza Kabeya, aliyekuwa fundi wa ndege. Wakaniambia hapa hatuna fundi wa ndege, kuna Kabeya wa baiskeli.

Nilimkuta kibarazani, adhuhuri, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu. Kichwa cheupe chote. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Akaniita Mwape, akanikumbatia, akalia. Tulizungumza Kiswahili cha Likasi, pale pale Kasai, walikuwa bado wanakiongea nyumbani.

Nilimuuliza kwa nini baiskeli, na mikono ile.

Akasema, "Baiskeli haina injini. Mi siguse tena injini, mwanangu. Mikono hii iliua bibi yangu." Bibi kwetu ni mke.

Binti, nikauliza. Akaonyesha nyumba ya pili ndani ya ua uleule. Kapinga ni mwalimu, ana watoto wawili. Anampikia. Chakula anamtuma mtoto alete. Akaniambia bila kulalamika, kama anayetoa habari ya mvua: "Tangu treni, hajaniita Papa. Anasema, ulikatalia mama treni ya kwanza juu ya ndege yako, na ndege yenyewe ukashindwa kuangalia. Iko na haki."

Hapo ndipo nilipovunjika, wakuu. Miaka yote nilidhani nimeficha kosa langu. Kumbe nilikuwa nimempokonya mtu binti yake, kila siku, mpaka siku ile niliyokaa pale kibarazani.

Nikamwambia. Wiki mbili za Kakontwe. Panga la tano. Kurudisha nyuma. Ata kiloko, Papa.

Alinisikiliza huku ameshika spoku mkononi. Nilipomaliza hakunipiga, hakunitukana. Akaiweka spoku chini. Kisha akaita kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo:

"Kapinga! Kuya huku."

Akatoka mwanamke mzima, mikono ina unga. Alinitazama, akaanza kutabasamu, akaona sura ya baba yake, akaacha.

Mzee akanigeukia. "Sema tena. Yote. Asikie."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana alikuwa na macho ya mama yake. Nilipofika pale baba yake alipoweka kiganja kwenye injini na kuniuliza, nikaishia hapo, mzee akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho.

Kapinga hakulia. Alijifuta unga kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Akamwangalia baba yake kwa muda, mtu na baiskeli yake. Akamshika kiwiko kumwinua.

"Papa," akasema, "kuya kula."

Halafu akanitazama mimi.

"Weye, enda."

Nikaenda.

Papa Kabeya alifariki miaka miwili baada ya siku hiyo. Nilisikia kwa dereva anayepita njia ile. Alisema mzee alikuwa ameshahamia nyumba ya binti yake, wajukuu ndio walikuwa wanamsomea zaburi. Miaka miwili hiyo waliipata. Ile mingine, zaidi ya kumi, niliikalia mimi.

Nilichojifunza ni hiki. Kusahau wiki mbili ni kosa, na kosa lina plagi, linafunguliwa, unachafuka mpaka kiwiko, linatoka. Ukiona panga limesimama, kwenye ndege, kwenye lori, kwenye nyumba yako, sema limesimama. Sema siku hiyohiyo, mbele ya wanaohusika, hata kama utaitwa jina utakalolibeba mpaka kaburini. Mwenzako asilibebe badala yako.

Mnaopenda ndege za zamani endeleeni kuziweka picha zake, nami nitaziangalia. Ni nzuri kweli. Mafundi wa injini za duara nisahihisheni nilipokosea. Na kama humu yupo aliyepanda zile treni za kutoka Likasi, au mzazi wake alipanda, naomba aandike chochote. Matusi pia nitayasoma, sitajibu.